Tendegu la Nne

Kitanda nilichoolewa nacho kilichukua miaka ishirini kutengenezwa. Msidhani ni kwa wingi wa nakshi. Kazi yenyewe, ukiijumlisha, haifiki wiki tatu. Miaka iliyobaki Baba alikuwa barazani kwetu Mtendeni, anakunywa kahawa na kuwaambia wapita njia kwamba kitu kizuri hakitaki haraka.

Nilipotoka arobaini alikwenda msituni na shoka lake, akaangusha mninga mmoja, akapasua vipande vinne vya kutosha matendegu ya kitanda, miguu yake yote minne, akaviweka kivulini vikauke. Nilipoanza kutembea alikereza tendegu la kwanza. La pili alilikereza nilipohitimu Kurani. La tatu nilipomaliza darasa la saba. Kipande cha nne kilibaki kipande, kimeegemezwa nyuma ya mlango wa chumba cha Shangazi, kikingoja siku watakapokuja wa kunichumbia. Mtaani hawakuuliza nina umri gani. Waliuliza, "Binti wa fundi sasa ni wa matendegu mangapi?" Na Shangazi, dada yake Baba, aliyenilea baada ya Mama kufariki, alijibu, "Matatu. Msituharakishe."

Majirani waliamini hiyo ni mila kongwe ya ukoo wetu, na wengine walitusifu kwa kuitunza. Shangazi aliniambia ukweli nilipokuwa mkubwa: haikuwa mila, ulikuwa uvivu wa kaka yake uliovishwa kanzu. Lakini uvivu ukikaa sana katika nyumba nao hupata heshima. Nilipofika miaka ishirini hata mimi nilikuwa naamini kwamba mwanamke hawezi kupata usingizi wa maana juu ya tendegu ambalo baba yake hakulikereza kwa mkono wake.

Niseme kwa mkono na kwa mguu. Kerezo la Baba halikuwa mashine. Lilikuwa vigingi viwili vifupi vilivyosimamishwa juu ya ubao, kila kimoja na ncha ya chuma, na mti wa kukerezwa ulibanwa katikati ya ncha hizo. Kisha palikuwa na uta wa mti wa mkole, wenye ukanda mrefu wa ngozi uliolegea makusudi. Ukanda ule unauzungusha mara moja kwenye mti, na ukivuta uta mbele na nyuma, mti unazunguka. Fundi anakaa chini sakafuni. Mkono wa kulia unavuta uta, mkono wa kushoto umeshika mpini wa patasi, na ncha ya patasi inaongozwa na kidole gumba cha mguu. Kidole gumba cha Baba, cha mguu wa kulia, kilikuwa kipana, kina sugu ubavuni, na kilikuwa na akili kuliko wanakamati kadhaa nitakaowataja. Kikisogeza patasi unene wa ukucha, inatoka pete. Kikiirudisha, inatoka shingo. Baba mwenyewe muda wote huo anaongea na mtu habari za mvua.

Ufundi huo aliurithi kwa babu, ambaye ujanani alikwenda pwani na msafara amebeba pembe za watu, akarudi Tabora amebeba kerezo lake mwenyewe. Nadhani katika mizigo yote iliyopita njia ile, huo ulikuwa mmoja wa michache iliyobebwa kwa hiari.

Basi, posa ikaja. Ilitoka Ipole, kwa karani mmoja wa tumbaku, kijana mpole aliyefuga mizinga ya nyuki na kutuma asali kabla ya kutuma salamu, jambo ambalo Shangazi aliliona ni dalili ya malezi mema. Wazee wakakubaliana harusi iwe kabla ya Ramadhani, iliyokuwa imebakiza wiki saba. Kitanda kitangulie siku mbili kabla ya bibi harusi, na wanawake wa kwao watakipokea, watakikagua, watakitandika. Baba akatabasamu, akasema tendegu la nne ni kazi ya siku tatu. Alisema hivyo siku ya Jumapili. Jumatatu alikunywa kahawa. Jumanne kamati ikafika.

Miaka hiyo kila kitu kilikuwa kinakwenda pamoja. Tulilima pamoja, tulipanga foleni pamoja, tulikosa sukari pamoja. Ikaamuliwa kwamba mafundi wa mkono nao wasiachwe nyuma, wakusanywe na zana zao katika kiwanda kimoja cha pamoja, ndani ya ghala la zamani lililokuwa limebaki tupu kule upande wa stesheni. Tuliombwa tujiunge kwa hiari. Waliokuja kutuomba walikuwa saba, na mmoja wao alikuwa na mkokoteni.

"Shikamoo mzee," alisema mwenyekiti. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyewahi kuuza kofia na tangu hapo akajihesabu miongoni mwa mafundi.

"Marahaba. Naona mmekuja na mkokoteni. Kuna mgonjwa?"

"Hapana, mzee wangu. Tumekuja kuchukua zana. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Chawa sina," Baba alijibu. "Nina tendegu la binti yangu. Nipeni siku tatu."

"Utalikerezea huko huko kiwandani, tena kwa raha, chini ya bati. Na ukisaidiwa na wenzako, siku moja tu."

Walitoa kopo la rangi nyekundu. Tezo ikapata namba moja. Randa mbili, za kulainishia mbao, zikapata mbili na tatu. Msumeno, patasi kubwa na ndogo, keke ya kutobolea, jiriwa ya kubania, nyundo, tupa, vyote vikapigwa namba, mpaka kipande cha mkaa alichochorea mistari. Uta ulipata kumi na nne. Wakiwa wanafunga mkokoteni, Baba alinyoosha mguu wake wa kulia juu ya ngazi ya baraza.

"Hiki mmekisahau," alisema, akakitingisha kidole gumba. "Bila hiki kerezo halifanyi kazi."

Walicheka. Yule mwenye brashi aliinama kabisa na kopo lake, maana alikuwa mtu wa kutii maagizo, na mwenyekiti ikabidi amshike bega.

Kiwandani Baba aliwakuta wenzake wawili. Mmoja alikuwa sonara, mzee mwembamba aliyekuwa akitengeneza vipuli na vikuku vya fedha tangu kabla sijazaliwa. Alikuwa amekuja na mivukuto yake, na koleo zake ndogo, na kile chuma chake chenye matundu, kila tundu dogo kuliko jirani yake, ambacho alivutia fedha mpaka ikawa nyembamba mithili ya uzi. Mwingine alikuwa mfumi, labda wa mwisho mjini aliyekuwa bado anafuma nguo za pamba kwa mkono. Mtande wake wa nyuzi ulikatwa ili upite mlangoni, na kamati ikamfariji kwamba nyuzi zikikatwa zinaweza kuunganishwa. Watu hao watatu waliwekwa pembe tatu za ghala. Pembe ya nne ilikuwa ya mwenyekiti, na ndiyo pekee iliyokuwa na dirisha.

Wiki ya kwanza walifanya mikutano. Wiki ya pili ikafanyika sensa ya zana, na hapo ndipo mwenyekiti alipogundua jambo lililomfurahisha sana. Sonara alikuwa na uta. Seremala naye alikuwa na uta. Ule wa sonara ulikuwa mdogo, urefu wa mkono wa mtoto, wa kuzungushia kisindano cha kutobolea shanga za fedha. Ule wa Baba ulikuwa mrefu kumfikia mtu kifuani. Lakini kwenye orodha vyote viwili viliandikwa "uta", na mtu mwenye orodha mkononi hana haja ya kugeuza shingo akaangalia.

"Mnaona faida ya kukaa pamoja?" alisema mwenyekiti. "Mngekuwa majumbani kwenu tusingejua kwamba tuna uta wa ziada."

Siku zile zile vijiji vipya vilikuwa vimeombwa vitaje mahitaji yao, na kijiji kimoja cha upande wa Lusu, huko Nzega, kilikuwa kimeandika kwamba mgambo wake hawana silaha za jadi za kutosha. Sasa jumlisha mwenyewe. Penye wengi hapaharibiki neno, na kwenye mkutano ule walikuwa wengi sana. Uta namba kumi na nne ulipakiwa kwenye lori la mbegu siku ambayo mafundi walikuwa shambani.

Baba alipoukosa hakupiga kelele. Alikwenda kwenye pembe yenye dirisha, akauliza. Mwenyekiti akamwambia uta umekwenda Lusu kwa mgambo, ila asiwe na wasiwasi, kuna mashine ya kukerezea inakuja kutoka kwa marafiki wa ng'ambo, itakereza matendegu mia kwa siku.

"Mimi nataka moja," Baba alisema.

Sonara, kwa huruma, alimwazima uta wake mdogo. Nilikwenda kuwapelekea chakula mchana ule, nikawaona wanaume wawili wenye mvi wameinama juu ya kipande changu cha mninga, Baba anasugua ule uta mdogo mbele na nyuma, mbele na nyuma, jasho linamtoka. Mti uligeuka nusu, ukarudi nusu. Miaka ishirini ya kukaukia nyuma ya mlango ilikuwa imeufanya uwe mzito na mkaidi. Uzi wa sonara ukakatika. Walitazamana, kisha wakala ugali. Zilikuwa zimebaki wiki nne, na mimi kwa mara ya kwanza niliogopa.

Nimetaja shamba. Mafundi nao walitakiwa wakalime, siku tatu kwa wiki, ili wasijione bora kuliko wakulima. Sonara, ambaye maishani mwake hakuwahi kunyanyua kitu kizito kuliko sahani ya wali, alipewa jembe la kilo kadhaa na tuta lake. Mfumi alipewa lingine. Baba naye akapewa lake, na yeye ndiye aliyekuwa na hatari kuliko wote, kwa sababu alidhani anajua.

Tezo, kwa wasioifahamu, ni jembe dogo la mti. Unaukanyaga mti kwa mguu, unachonga kuelekea kwako, na chuma kinasimama upana wa nyuzi mbili kutoka kwenye vidole vyako. Baba alikuwa amefanya hivyo miaka arobaini bila hata kuchubuka. Tezo yake ilimjua. Jembe lile lilikuwa la watu wote, kwa hiyo halikumjua mtu. Alilishika jinsi alivyozoea, akalivuta jinsi alivyozoea, na lilipofika pale ambapo chuma chenye adabu husimama, halikusimama.

Hospitali walikiondoa kile kidole. Daktari alisema ana bahati, ingekuwa mguu wote. Mwenyekiti alikuja kumtazama na mkungu wa ndizi, akasema kamati inampongeza kwa kuwa fundi wa kwanza kumwaga damu kwa ajili ya kilimo. Baba alimshukuru. Alipoondoka, Baba aligeuza uso ukutani, na nilimwona analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa Mama. Nilikaa naye nikamshika kisigino, maana sikujua mahali pengine pa kumshika.

Fundi mwingine wa mtaa wa pili, mtu mwema, alijitolea kulichonga tendegu la nne kwa tezo, liwe la pembe nne, halafu lifunikwe na shuka. Baba alikataa. Kutoka Ipole wakatuma ujumbe wa upole kwamba hata kitanda cha chuma kitafaa, wakati wenyewe ndio huu. "Cha chuma?" Shangazi alisema. "Kama cha wodini? Basi na bibi harusi aje amefungwa bendeji." Baba alisema harusi iahirishwe. Nilijua, na Shangazi alijua, kwamba Baba akipewa mwaka mmoja atachukua kumi, na safari hii hata uvivu usingekuwa sababu. Ingekuwa aibu. Mtu aliyezoea kukaa barazani alikuwa sasa anakaa chumbani, mlango umefungwa.

Shangazi akanivisha buibui lake. Mwali hatoki nje, hilo kila mtu Mtendeni analijua, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilisema kwa sauti kubwa kuliko wote. "Wewe si mwali," aliniambia. "Mwali ana matendegu manne. Twende zetu Lusu. Uta kwanza, kidole tutajua mbele."

Tulipanda basi la Nzega, tukashuka, tukalala kwa jamaa zake, na asubuhi tukatembea mpaka kijijini. Mgambo walikuwa kwenye uwanja wa shule wanafanya gwaride, wanaume kama thelathini, wengi na fimbo, baadhi na mikuki ya babu zao. Mbele kabisa, begani mwa kijana mrefu, ulikuwa uta wa Baba, na ile kumi na nne nyekundu inang'aa kwenye jua. Nilitaka kukimbia nikaunyakue. Shangazi alinibana mkono.

Mkuu wao alikuwa mzee mfugaji mwenye koti la jeshi lisilo na vifungo. Shangazi alimwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," naye akaitika kwa furaha, akatuitia viti. Tulipomweleza tumefuata nini, alicheka mpaka akafuta macho.

"Kumbe! Mama, sisi tulisema watu wa mjini wamesahau hata uta. Mmetuletea uta umelegea, hata njiwa haumtishi. Vijana wangu wakaona aibu, wakasema tuutengeneze vizuri kabla ya mgeni yeyote kuuona."

Nao walikuwa wameutengeneza vizuri. Watu wa kule wanajua uta, na walikuwa wameufanyia wema wote wanaoujua: wameukata ule ukanda wa ngozi, wakauacha mfupi, wakaukaza mpaka ukawa unalia ukiugusa. Kipande kilichobaki kilifungiwa ndama, na ndama alishauzwa mnadani pamoja nacho. Uta ule sasa ungeweza kuua swala. Usingeweza kuzungusha mti hata robo.

Shangazi aliokota kijiti, akafungua leso kichwani, akaisokota, akamwonyesha mzee jinsi kerezo linavyofanya kazi. Mzee alitazama, akaacha kucheka. Akaupokea uta kwa yule kijana, akapitisha dole lake pale katikati, mahali ambapo mkole ulikuwa umebonyea kwa miaka ya kushikwa.

"Nilijua una mwenyewe," alisema. "Mti umeliwa na mkono. Nikawauliza walioleta, wakaniambia ni wa umma."

Alitukabidhi uta wetu bila karatasi yoyote, na kuku jike juu yake, akasema apelekewe fundi mgonjwa. Kuhusu orodha ya silaha alisema ataandika kwamba umevunjika vitani. "Vita gani, baba?" Shangazi aliuliza. "Hivi hivi," alijibu. "Wabeja, mama, asanteni kwa kuja. Mfike salama."

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Ukanda mpya wa ngozi ungetaka kulowekwa na kulainishwa, na ngozi yenyewe haikupatikana. Mfumi ndiye aliyetuokoa. Alichukua zile nyuzi zake za mtande zilizokatwa mlangoni, ambazo kamati ilisema zitaunganishwa na hakuna aliyeziunganisha, akazisokota ishirini kwa ishirini zikawa kamba moja. Tukaipaka nta iliyotoka Ipole, ile nta ambayo mchumba wangu alikuwa ameituma ya kung'arishia kitanda, mpaka ikashika mti kama ngozi. Mchumba mwenyewe hakujua. Alidhani tunapaka samani.

Baba alikwenda kiwandani kwa fimbo. Mafundi walipisha, akakaa chini, akabana kipande changu kati ya zile ncha mbili, akazungusha kamba, akavuta. Mti ulizunguka. Nilisikia ule mlio wa utotoni mwangu na nikaujua papo hapo. Kisha akaweka patasi, akanyoosha mguu wa kulia, na pale penye kidole palikuwa na kitambaa.

Alijaribu kidole cha pili. Patasi ikaruka. Alijaribu mguu wa kushoto. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimekaa bila kazi miaka arobaini na hakikuwa tayari kuanza. Alijaribu kisigino. Patasi ilichimba mti, ikaacha jeraha, na kipande kikaruka kutoka kwenye ncha kikabingiria mpaka miguuni mwa mwenyekiti.

"Basi," Baba alisema.

Sikuwahi kumsikia akiuambia mti basi. Alikuwa ameinamisha kichwa, uta mapajani, na mwenyekiti akaanza kumweleza tena habari za ile mashine kutoka ng'ambo, imefika bandarini, au iko karibu kufika bandarini. Niliokota kipande changu. Nilivua viatu.

"Unafanya nini?" Baba aliuliza.

"Vuta uta. Mimi nitashika patasi."

"Mwanamke hakerezi."

"Wala mwanamume hakerezi kwa kidole alichokiacha shambani," Shangazi alisema kutoka mlangoni. Kisha akawageukia wale wengine. "Nje. Wote. Mtoto wa watu atakaa chini na mguu wazi, mnataka kuangalia nini? Na wewe mwenyekiti, nje."

"Lakini hii ni ofisi yangu."

"Tunaiazima kwa hiari," Shangazi alisema, akafunga mlango, akausimamia kwa mgongo.

Nilikaa chini upande wa pili wa kerezo, tukitazamana, magoti yetu yanakaribia kugusana. Baba aliushika mguu wangu wa kulia kwa mkono, akauweka mahali pake, akakilaza kidole gumba ubavuni mwa patasi. Alikuwa hajaushika mguu wangu tangu nilipokuwa najifunza kutembea. "Usiisukume," alisema. "Isikilize. Ikitetemeka, umekwenda mbali." Akavuta.

Siwezi kueleza vizuri jinsi ilivyokuwa. Chuma kilitetemeka, ule mtetemo ukaingia kwenye kidole, ukapanda mpaka gotini, na nyuzi nyekundu za mninga zikaanza kumwagika juu ya mguu wangu. Pete ya kwanza ilitoka. Baba hakuongea habari za mvua. Alinitazama kidole, anasema kwa sauti ndogo, kidogo, kidogo, rudi, hapo hapo. Lile jeraha la kisigino likaliwa lote, likaisha. Kwenye pete ya pili mwenyekiti alikohoa nje ya mlango, kikohozi cha mtu anayetaka kukumbukwa, nikashtuka, patasi ikateleza ikakata alama ndogo ya mshazari.

"Nimeharibu," nilisema. Nilitaka kulia.

"Iache," Baba alisema. "Hiyo ni yako. Endelea."

Ilituchukua siku nne. Kidole kilivimba, kikapasuka, Shangazi akakifunga kwa asali na kitambaa, nikaendelea. Mwenyekiti aliendesha mikutano yake nje, chini ya paa la jirani, na nasikia ilikuwa mifupi kuliko kawaida. Sonara naye aliketi mlangoni akilinda, mfumi akaja kukaza kamba mara mbili bila kuinua macho. Siku ya mwisho Baba alichukua nta iliyobaki akalipaka tendegu huku linazunguka, likang'aa, akaliweka kando ya lile la kwanza alilolikereza nilipokuwa nashikilia kuta. Hayakufanana sawasawa. Yalifanana kama ndugu wanavyofanana.

Kitanda kilikwenda Ipole juu ya lori la tumbaku, na mimi siku mbili baadaye. Wanawake wa kule walikuwa wamekikagua kama inavyotakiwa. Mama mkwe wangu, mtu wa macho makali, alikuwa amepitisha mkono kwenye kila tendegu, na nilipofika alinionyesha ile alama.

"Hapa fundi aliteleza," alisema.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Aliteleza."

Alinitazama miguu. Nilikuwa nimepakwa hina kama bibi harusi yeyote, lakini hina haifichi uvimbe. Alinyanyuka akaniletea maji ya moto na chumvi.

Mashine ya ng'ambo sijui ilifika wapi. Kiwanda kilikufa polepole, ghala likarudi kuwa ghala, na zana zikarudishwa kwa wenyewe, namba zake nyekundu mwilini, bila mkokoteni safari hii. Kila mtu alibeba zake kichwani. Baba alirudi barazani na kahawa yake. Mtu akimwuliza mguu umefanya nini, alisema amekitoa kidole kwa taifa, na taifa halijakiulizia.

Nilipojifungua binti yangu wa kwanza, Shangazi alikuja kunihudumia, na Baba akaja Ipole siku ya arobaini. Alishuka kwenye lori kwa shida, kijibao cha kerezo kwapani, uta namba kumi na nne umening'inia mgongoni, na nyuma yake utingo anamshushia vipande vinne vya mninga. Nilimtazama, nikajua hakuna kati yetu mwenye miaka ishirini ya kunywa kahawa. Alikaa chini kwenye ua wa mama mkwe wangu, akabana kipande cha kwanza, akazungusha kamba.

Hakuniita. Nilimkabidhi Shangazi mtoto, nikavua kandambili, nikakaa mbele yake, nikanyoosha mguu.